Mavuno ya Mwisho ya Beit Lawza

Immaculée alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana na Wakongomani wote wa Durban: hakuweza kusikia Kiswahili kikivunjwa akanyamaza. Mteja akiingia duka lao la simu na kopi Pinetown akasema "kioo yangu imepasuka", yeye alitengeneza sentensi kwanza, simu baadaye.

"Yaya, dada yangu, wateja watakimbia," alilalamika Urbain, mwenzake wa dukani. "Mtu analeta skrini, wewe unamfanyisha examen."

"Kioo. Analeta kioo."

"Eish."

Kwa hiyo Imraan, katibu wa kamati ya msikiti mmoja wa Chatsworth, alipokuja kutoa kopi na kuuliza kama kuna mtu anayejua Kiswahili cha kuandikia kitabu, Urbain hakungoja. Alimnyooshea Immaculée kidole. "Huyu hapa. Mchukue, tupumue kidogo."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Mzee Wasfi, Mpalestina aliyekuwa akiishi Overport kwa binti yake. Kijiji chake, Beit Lawza, kilitekwa vitani mwaka 1948, kisha kikabomolewa nyumba kwa nyumba. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukubwani alitengeneza mashine za katani Tanga kwa miaka tisa, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, lugha aliyozungumza na wazee wa msikiti ule. Watu waliowahi kushika jembe Beit Lawza aliwahesabu kwa vidole, na vidole vyote vilikuwa vimekwisha isipokuwa kile cha kwake.

"Nikifa, kijiji kibaki kwenye karatasi sawasawa," alimwambia Immaculée siku ya kwanza. "Sisemi kizuri, binti. Sawasawa."

Immaculée akaahidi. Alikuwa na miaka minne Durban, na diploma yake ya ualimu kutoka Uvira ililala chini ya nguo sandukuni. Hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Sasa jina lake lingekuwa kwenye jalada.

Jumapili tatu mfululizo alikwenda Overport na daftari. Mzee alimweleza kisima na foleni ya wanawake alfajiri, mizeituni ya mjomba wake, mtini uliogombaniwa na koo mbili hadi ukakauka kwa kukosa wa kuumwagilia. Kisha akafika kwenye mashamba.

"Ngano ilikuwa ya watu wa bondeni. Sisi wa mlimani, shairi." Neno lilimkwama kooni katikati, kama Waarabu wanavyosema. "Tulikula shairi, tuliuza shairi. Na ule mwaka wa vita tuliacha shairi yetu uwanjani, haijapigwa."

Kalamu ilisimama. Immaculée akalipigia neno mstari. Wakulima walioishi kwa mashairi! Hata hivyo, ugonjwa ni ugonjwa.

"Shairi *letu*, Mzee," akasema kwa upole. "Si shairi *yetu*."

Mzee akacheka. "Wewe ndiye mwalimu. Letu, basi."

Nyumbani aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. *Watu wa bonde walikula ngano. Maskini wa mlimani walikula mashairi.* Na chini yake: *Siku ya kukimbia waliyaacha mashairi yao uwanjani, hayajaghaniwa.* Akausoma mara tatu, akalia kidogo, akajipongeza. Urbain aliusoma mara mbili bila kutania, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Sharp. Safi kabisa," akasema mwishowe.

Immaculée alitaka kumsomea mzee kabla ya kuchapa, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa na mtoto wa jicho. Mzee alikataa. Alitaka kukisikia siku ya uzinduzi, pamoja na watu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Mei 2013. Watu sabini hivi walijaa ukumbini Chatsworth: wazee waliozaliwa Durban kwa asili ya Zanzibar na Msumbiji, Watanzania, Wakongomani walioletwa na Urbain kwa ahadi ya biriani. Vijitabu mia mbili vilipangwa mezani. Immaculée akasimama kusoma. Kwenye ukurasa wa kisima watu walitikisa vichwa kukubali. Kwenye mtini walicheka. Alipofika kwenye ukurasa wake mpendwa alipunguza sauti, akayaachilia maneno moja moja.

Pale mbele, Mzee Wasfi alikunja uso kama mtu aliyesikia jina la mwanawe likiitwa vibaya.

Makofi yalipigwa. Bi Fathima, mwanamke wa umri kama wa mzee, alisimama kwa fimbo yake.

"Mzee, sisi enzi za makaburu tulitolewa kule Bluff kwa malori tukaletwa hapa. Vyombo vingine vilivunjika njiani, lakini nyimbo tulifika nazo. Hebu tughanie shairi moja tu la Beit Lawza."

"Nighani nini, mama?"

"Shairi."

Mzee aligeuka kulia, akageuka kushoto. "Nitaighanije? Shairi inatiwa kwenye gunia! Unaisaga, unaoka mkate mgumu. Punda anaipenda sana."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Walidhani mzee anatania.

Immaculée hakucheka. Inatiwa. Unaisaga. Shairi *yetu*. Lilikuwa shayiri! Neno alilolisikia kanisani tangu utoto, mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na bado lilimpita. Mzee alikuwa na sarufi safi tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyemvunjia.

Imraan alimsogelea, akanong'ona, "Dada, acha tu. Watu wamependa. Nitangaze biriani?"

Ingewezekana. Utani ungepita, vijitabu vingegawiwa, na jina lake lingebaki jaladani juu ya ukurasa mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Lakini mzee alikuwa amekaa akimwelekezea yale macho yenye ukungu, mikono magotini, akingoja.

Immaculée akavuta maikrofoni.

"Mzee hakutania. Alisema shayiri, nafaka. Mimi nikasikia shairi, kwa sababu ndilo nililopenda kusikia. Beit Lawza hakikuwa kijiji cha washairi. Kosa ni langu, si lake."

Kisha sauti ya Urbain kutoka nyuma: "Na alikusahihisha, Mzee! Hata wewe hukupona!"

Safari hii mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, hadi akapangusa macho. "Mshairi tulikuwa naye mmoja," akasema. "Mvivu yule! Wakati wa mavuno alikuwa anaumwa mgongo kila mwaka."

Imraan akaanza kurudisha vijitabu kwenye maboksi. Immaculée alibakiza kimoja, akakigeuza nyuma palipokuwa peupe, akaenda kukaa sakafuni mbele ya kiti cha mzee.

"Sema tena. Sitagusa hata neno."

Mzee akasema. Shayiri ilivunwa Mei, kabla ya ngano. Uwanja wa kupuria ulikuwa mmoja, kila nyumba na siku yake. Ng'ombe walizungushwa wakivuta ubao mzito, na watoto walipanda juu ya ubao ili uzidi uzito.

"Na makapi mliyaondoaje?" aliuliza Mama Sesilia, Mkongomani aliyelima mpunga Fizi kabla ya kukimbia vita. "Kwa ungo?"

"Kwa upepo wa jioni, mama. Tunarusha juu kwa uma wa mti."

"Upepo unapoteza nusu!"

"Wa kwenu, labda. Wa kwetu unajua kazi."

Wakabishana juu ya upepo na ungo hadi ukumbi ukagawanyika pande mbili, na Bi Fathima, aliyezaliwa mjini na asiyewahi kupura chochote, akaunga mkono ungo kwa nguvu zote. Immaculée aliandika mpaka mkono ukauma.

"Siku ya nyumba yetu ilikuwa Alhamisi," mzee akaendelea. "Risasi zilianza Jumanne. Baba aliifunika shayiri kwa mkeka, akaweka mawe juu upepo usiibebe. Alijua tutarudi baada ya wiki. Andika na mawe. Manne."

"Nimeandika."

"Soma."

"*Baba aliifunika shayiri yetu kwa mkeka, akaweka mawe manne.*"

Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Harufu ya biriani ilikuwa imejaa, na hakuna aliyekwenda kuchukua sahani.

"La tano lilikuwa dogo," akasema. "Niliweka mimi."

Immaculée akaliongeza.