Mizizi Iliyolala Ndani ya Pumba

Colette alirudi kutoka hospitali na koo lililoshonwa, na mama yake Albertine aliogopa kumtazama mabega yaliyobaki mifupa mitupu. Uji mzito haukupita. Uji mwepesi ulipita, lakini ulikuwa maji tu, na daktari alikwisha kusema: asipopata nguvu, hawezi kupasuliwa mara ya pili.

Ilibaki mizizi ya munkoyo, mmea wa porini. Unapika uji mzito, unauacha upoe hadi kidole kivumilie, unakoroga mizizi iliyopondwa, na uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji, nguvu yote ya unga ikiwa bado ndani.

"Muzizi iko na enzime, Mama," Sista Simone wa dispensari alimweleza zamani. "Ni kama kisu kidogo, inakata unga. Kwa moto inakufa. Ukiikausha pole kwa kivuli inalala tu, maji inaiamusha. Hata kwa viwanda banatafuta namna ya kuilaza hivyo, ikae murefu ndani ya dawa na sabuni."

Asubuhi hiyo Albertine alikoroga, akangoja. Kijiko kilisimama wima kama msalaba wa makaburini.

"Martine, mizizi hii ulikaushia wapi?"

Mkamwana wake akainamisha kichwa. "Juu ya mbabula, Mama, kwa makaa. Mvua haikatiki. Nilitaka ikauke mbio."

"Banaye! Ulichoma, haukukausha."

"Lakini inanukia muzuri."

"Hata maiti banaipaka marashi."

Kitandani Colette akacheka bila sauti, ameshika koo. Lakini mizizi mingine haikuwapo. Mwuzaji anayeileta kutoka Kambove hachimbi wakati wa matope.

Mchana Albertine alishika rozari. Mvua ilipiga mabati, moshi wa kiwanda ukashuka hadi dirishani, na katikati ya Salamu Maria akasinzia.

Akamwona marehemu mume wake, Firmin, amekaa sakafuni na shati lake la kazi, pumba za mahindi zimemjaa hadi kola.

"Firmin, weye si ulikufa?"

"Nani? Miye nimelala," akajibu kwa hasira ndogo, kama zamani alipoamshwa kwenda zamu. Akakung'uta mikono. Pumba zikawa mto mweupe, ukapita polepole chini ya kitanda cha Colette, ukakiinua.

Albertine akazinduka, kidole bado kiko kwenye shanga. Shati!

Baada ya matanga alikuwa amefunga ndani ya shati hilo mizizi iliyobaki, mizizi aliyoikausha mwenyewe kivulini chini ya kitanda, akalizika ndani ya gunia la pumba ili unyevu usiifikie. Hakulifungua tena. Lilikuwa bado na harufu ya Firmin, na harufu ikitoka hairudi.

Alilitoa. Akalinusa mara moja, muda mrefu, amefumba macho. Kisha akafungua fundo.

Akaponda mizizi, akapika uji mwingine; ulipopoa akakoroga, akafunika. Wakakodolea kifuniko wote watatu, kama wanangoja mgeni avue viatu. Alipofunua akasimamisha kijiko; kikayumba, kikainama, kikalala ukingoni mwa sufuria.

Colette akanywa kikombe kizima. Akakisukuma kwa mama yake.

"Ongeza," akanong'ona.

Martine aliokota shati. "Nifue, Mama?"

"Fua," Albertine akasema, akimimina. "Lakini anika kwa kivuli. Weye na mbabula yako, mukae mbali na bwana yangu."