Taa Iliyosafishwa

Mzee alikuwa mkaguzi wa taa za ishara kwenye reli mpaka alipostaafu, na katika kazi hiyo alishika kanuni moja kuliko zote: taa chafu ni ajali inayosubiri treni. Kwa hiyo alipohamia kwa binti yake na kuiona taa iliyoning'inia juu ya tangi la matumbawe sebuleni, hakuuliza mtu. Kioo cha taa kilikuwa kimefunikwa na ukoko wa chumvi, kutokana na maji yaliyokuwa yakirukia juu miezi na miezi. Alisubiri wenyewe waende kazini, akazima, akachukua siki na kitambaa, akafuta mpaka kioo kikang'aa. Alipowasha tena, tangi zima lilimeremeta. Aliona amelipa kidogo fadhila ya kukaribishwa.

Tangi lilikuwa la mkwe wake, fundi wa meno ya bandia, mtu wa maneno machache. Matumbawe, alimweleza mzee siku moja, si mawe wala mimea. Ni wanyama, na ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo sana vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Mwanga ukizidi ghafla, vijimea hutoa sumu, na mnyama huvitapika. Hapo hubaki mweupe. Hajafa, ila ana njaa. Tumbawe kubwa kuliko yote, lenye matawi ya zambarau, fundi alilikuza kutoka kipande kisichozidi kidole gumba.

Wiki ile ile ncha za matawi hayo zilianza kupauka.

Fundi aliikagua taa. Kitufe cha kupunguzia mwanga kilikuwa pale pale alipokiacha. Akafikiri kidogo, kisha akamgeukia mdogo wake, binti aliyekaa nao huku akisomea uuguzi. Nyumba nzima ilimwita Chapuchapu, kwa kuwa hata chai aliinywa akiwa amesimama.

"Ulipiga pasi hapa Jumapili?"

"Nilipiga. Soketi ya chumbani imekufa."

"Ukagusa taa?"

"Nilisogeza waya tu, kaka. Labda kiwiko kiligusa hicho kitufe. Mimi na haraka zangu, nikigusa kitu hata sijui."

"Halafu ukakirudisha?"

"Sikumbuki. Pengine nilikirudisha."

Fundi hakugomba. Alisema kosa limeshatokea na limesharekebishwa, taa iko kwenye kipimo chake, kilichobaki ni kusubiri. Mzee alikuwa kwenye kiti chake na gazeti mkononi. Kabla mazungumzo hayajaisha alikuwa ameelewa: kipimo kilikuwa cha zamani, lakini kioo hakikuwa cha zamani. Ukoko ule ulizuia sehemu kubwa ya mwanga, na matumbawe yalikuwa yamezoea kilichobaki. Sasa yalikuwa yakiungua kila siku, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Aligeuza ukurasa.

Alijiambia angesema wakati wa kula, wakiwa wametulia. Wakati wa kula binti yake aliwachekesha, naye hakutaka kuharibu. Kesho yake hakuwa tena na jambo moja la kusema, alikuwa na mawili: kioo, na kimya.

Chapuchapu alianza kusimama mbele ya tangi kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni. "Nisameheni jamani," aliyaambia matumbawe. Pasi hakuigusa tena sebuleni. Aliondoka na sare yenye mikunjo.

"Baba Mkaguzi, huko reli mtu kama mimi mngemfanyaje?"

"Tungemhamishia kituo kisicho na treni."

"Basi nihamishieni nyumba isiyo na kitufe." Alicheka, akafunga kamba za viatu. "Nimemsimulia na shangazi. Kanicheka, haraka haraka haina baraka. Sasa ukoo mzima unajua."

Mzee alitazama mikunjo ya sare mpaka mlango ukafungwa.

Weupe uliteremka kutoka ncha hadi katikati ya matawi. Fundi aliporudi kutoka kazini alichuchumaa mbele ya tangi bila hata kuvua viatu.

"Sielewi," alisema. "Mwanga umerudi ulipokuwa, nayo yanaendelea tu. Kesho nayatoa niyachovye dawa. Huenda ni ugonjwa."

"Na kama si ugonjwa?"

"Dawa itayamaliza, baba. Lakini siwezi kukaa hivi hivi nikiyatazama."

Mzee aliweka gazeti chini.

"Kioo cha taa kilifutwa," alisema. "Kwa siki."

Aliisikia sentensi yake mwenyewe. Kazini aliletewa taarifa za namna hiyo kila mara, lango liliachwa wazi, breki haikufungwa, na kila mara alizirudisha na maneno mawili ya wino mwekundu: na nani?

"Nilikifuta mimi. Kabla ya Jumapili."

Fundi alisimama taratibu. "Haiwezi kuwa hiyo, baba. Kufuta kioo tu."

"Usinionee haya. Panda uangalie."

Fundi alipanda kwenye kigoda, akapitisha kidole chini ya taa. Kidole kilirudi safi. "Kumbe," alisema.

Jioni hiyo walikata wavu wa dirishani wakauweka matabaka kadhaa chini ya taa, ya kuondolewa moja moja, polepole. Mzee aliuliza afanye nini zaidi, ayahamishe mawe, abadilishe maji.

"Chakula kidogo cha unga, matumbawe yakishatoa gizani vidole vyake vya kunasia mlo. Zaidi ya hapo kazi ni kutoyagusa."

Chapuchapu alipoingia, mzee alisimama, akamwambia yote.

"Wiki nzima nimevaa mikunjo," alisema binti.

"Nilikuona."

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila asubuhi."

"Na ule utani wa treni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Binti alimimina chai, akavuta kiti, akainywa ameketi mpaka ikaisha.

"Na shangazi?" aliuliza.

"Taarifa ikisahihishwa hupelekwa kwa kila aliyepata ile ya mwanzo."

"Basi mpigie. Ila anza na salamu. Ukianza na kioo atadhani umevunja dirisha."

Alimpigia. Shangazi alimfanya arudie mara mbili.

Ncha za zambarau hazikupona. Zilikufa zikaota mwani wa kijani, zikabaki pale juu ambapo kila mgeni huzitazama kwanza. Chini yake, matawi yalianza kurudisha rangi, ile ya kahawia ya vijimea, hafifu kama chai iliyozidiwa maziwa. Siku ya kuondoa tabaka la kwanza la wavu, fundi alimwachia mzee alivute. Chapuchapu alikuwa akipiga pasi sebuleni, akiwa amelipa tangi mgongo, na mwanga ulipoongezeka ukutani aliuliza bila kugeuka.

"Nani kagusa taa?"

"Nimeigusa mimi," alisema mzee.