Tyubu ya Maji

Ndani ya seli hakuna anayefanya kazi peke yake. Helikesi hufungua nyuzi mbili za DNA, protini nyingine huzishika zisirudiane, praimesi huweka kianzio, polimerasi hunakili, ligesi huunga vipande. Nyuma yao hupita wakaguzi, kusahihisha makosa. Katika ukoo wetu mkaguzi mmoja ana kasoro. Ndivyo saratani ya kizazi ilivyommaliza mama, ikammaliza na mama mdogo.

Mashine ya maabara yetu haina kikosi hicho. Joto hufungua nyuzi, kianzio tunaweka wenyewe, na polimerasi hunakili chochote inachokikuta, hata uchafu wa glavu. Kasoro ikiwepo, nakala zake huonekana kwenye picha kama mstari. Ndiyo maana kila kipimo huwa na tyubu ya maji matupu. Ukiona mstari kwenye maji, unamwaga vyote na kuanza upya.

Sampuli ya mdogo wangu sikuruhusiwa kuigusa, kwa kuwa ni ndugu yangu. Aliipima bosi, Profesa Chapchap kama tunavyomwita akiwa mbali, pamoja na ya marehemu mama ya kulinganishia. Mdogo wangu akaambiwa kasoro anayo, akaenda kutolewa kizazi. Hakuwa amepata mtoto.

Niliporudi kutoka likizo, picha ya kipimo hicho ilikuwa bado kwenye kompyuta. Mstari kwa mama. Mstari kwa mdogo wangu. Mstari kwenye maji.

"Bosi, maji yamechafuka."

"Kidogo tu. Mstari wenyewe hafifu, unautafuta kwa tochi."

"Mdogo wangu ametolewa kizazi!"

"Basi rudia, kama huna kazi."

Nilirudia kwa tyubu mpya. Maji yalikuwa safi. Na mdogo wangu hakuwa na mstari. Tone la sampuli ya mama lilikuwa limeingia kwenye ya mwanawe na bosi hakujali. Polimerasi sikuilaumu, haina macho. Nilimchukia mwenye macho mawili na miwani juu yake.

Wodini nilimkuta mdogo wangu ameegemea mto, anatabasamu.

"Dada, mbona umenuna? Mimi nimepona kabla ya kuugua."

Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo sikuwa nayo?"

"Hukuwa nayo."

Aligeukia ukutani. Nilipomshika bega alilitoa.

"Nilikuwa nimeshajizoesha, dada. Ungeniacha niamini nilikuwa nayo."