Redio Chini ya Gunia

Tezo iliteleza, na sikio la kifaru wa mti aliyekuwa akimchonga likaruka. Musembi aliliokota, akalitazama, kisha akaketi chini na kulishika tumbo kwa mikono miwili.

Siku nyingine angewasha redio kaseti. Vidonda vya tumbo vilimwandama miaka mingi, tangu alipotoka Ukambani kuja kuchonga vinyago hapa Ganda, pwani, na ile dawa nyeupe ya hospitali ilimtuliza kidogo tu. Magitaa ya kwenye kanda ndiyo yaliyomfaa. Mkono ulifuata mdundo, pumzi ikafuata mkono, na maumivu yakalegea.

Lakini jana jirani yake Masha alifiwa na mama. Kwao Musembi, kupiga muziki karibu na msiba ni matusi. Basi alitoa pole, akarudi, akaifunika redio kwa gunia. Kuuliza si ujinga, ila yeye hakuuliza, na sasa alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Masha akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Musembi, mama yangu alikukosea nini?"

"Mimi? Hata kidogo!"

"Tangu jana redio yako haisemi. Watu wanauliza, Mkamba huyu ana kinyongo gani na marehemu?"

"Nilikuwa naheshimu msiba, ndugu yangu."

Masha akalitazama gunia. "Kwetu mtu mzima hazikwi kimya. Hanga, matanga yetu, bila ngoma ni kama amekufa mbwa. Tena mama akitwanga alikuwa akiifuata redio yako. Inuka, twende."

Musembi alijikokota hadi matangani. Ngoma zililia, ardhi ikatetema, na taratibu tumbo lake likatulia. Aliona haya. Wenzake walikuwa wanalia, naye anapona! Alijikuta akiomba moyoni wasizike upesi.

Kisha ngoma zikanyamaza, wapigaji wakaenda kunywa maji. Maumivu yakarudi palepale. Tezo alikuwa bado nayo. Kwa haraka ya kutoka alisahau kuiacha. Mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaanza kugonga kwa mpini, kwa mdundo wa nyimbo za redio yake, kinu kilichopinduliwa kando yake. Kilikuwa kinu cha marehemu.

Watu wakageuka. Musembi alitaka kuacha, akashindwa.

Masha alimtazama, akakitazama kinu. Halafu akaanza kucheza, akikanyaga chini polepole, akiufuata mdundo ule.