Bata Wanne wa Mzee Cishahayo

Simu ya chama haikuibiwa wala haikukanyagwa na lori. Ilizama kwenye sufuria ya maharage. Mama Rosette, fundi cherehani mzaliwa wa Bukavu kule Kongo aliyekuwa akiitunza, aliinama kuonja chumvi, nayo ikachomoka kifuani ikajitosa humo kama chura. Na maharage yenyewe yalikuwa yale yaletwayo kutoka Madisi, magumu kiasi kwamba ukiyapanga vizuri yanafaa kujengea msingi wa kanisa. Yalikuwa jikoni tangu alfajiri na bado yanagongana kama kokoto. Simu ikaiva kabla yao.

Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, ilicheka siku hiyo. Kilichofuata hakikumchekesha mtu.

Maana ndani ya simu ile ndimo ilimokuwa akiba ya Tuzikane. Chama hicho kilikuwa na kazi moja tu: mwanachama akifiwa, kinanunua jeneza, kinalisha waombolezaji, na kila mmoja anakwenda kutupa udongo kaburini. Zamani pesa ilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa makanisa matatu, ili shetani akitaka kuiba alazimike kubadili dhehebu mara mbili. Kisha kwacha, pesa ya Malawi, ikaanza kuporomoka. Pesa ya jeneza zima, ukigeuka upande mmoja tu kitandani, unaamka imebaki ya mfuniko. Ndipo Guy, mtu wa Bukavu aliyebahatika kuhamia Kanada, akawageuzia akiba yote kuwa sarafu thabiti, yaani dola ya mtandaoni, isiyopanda wala kushuka, akawatumia kwenye pochi ya simu.

Pochi hiyo hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri, ya Kiingereza. Tuzikane wakafanya walivyozoea: wakayagawa kama funguo. Manne ya kwanza Mama Rosette, manne ya kati Bukeyeneza muuza maharage, na manne ya mwisho Mzee Cishahayo, Mrundi aliyefyatua matofali hadi mgongo ukamgomea.

Mzee Cishahayo hakujua Kiingereza hata cha kufukuzia mbwa. Lakini alikuwa na bata wanne, na mkewe Fidès alikuwa na akili za watu saba.

"Kila bata mpe neno lake," Fidès alimwambia. "Anza na mkubwa, maliza na mdogo. Utawaita kila jioni. Nani atajua?"

Tangu siku ile siri ya chama ikazunguka Dzaleka kwa miguu minane. Iliogelea kwenye madimbwi, ikaiba mahindi ya majirani, ikaitwa kwa sauti mlango kwa mlango, na hakuna aliyeshtuka. Watu walisema tu kwamba mzee yule bata wake wana majina ya kizungu kama wachezaji wa mpira.

Simu ilipoiva, wakanunua nyingine, wakaketi watatu nyumbani kwa Mama Rosette kuifungua pochi upya. Desturi ilikuwa hii: mmoja akiandika maneno yake, wenzake wanageuza uso ukutani. Akaandika Rosette, wawili wakatazama udongo wa ukuta. Akaandika Bukeyeneza. Wa mwisho akaandika Cishahayo, akiwahesabu bata wake kimoyomoyo. Pochi ikafunguka.

Sifuri.

"Angalia vizuri, mama," Bukeyeneza alisema.

"Mi naangalia! Sifuri njo sifuri, haina mlango ya nyuma."

Wakampigia Guy. Alikuwa mbioni kwenda kazini. "Mi nilituma yote, na ilifika," alisema. "Kama haiko, mujiulize benyewe." Simu ikakatika.

Wakaanza kujiuliza, na kwa bahati mbaya walijiuliza kwa akili ya sanduku la bati. Siku za sanduku, mwenye ufunguo wa tatu ndiye aliyeinua mfuniko, kwa hiyo mkono wa kwanza kuingia ulikuwa wake. Nani alishika simu mwisho, wenzake wakiwa wamegeukia ukuta? Mama Rosette akamtazama Mzee Cishahayo. Bukeyeneza akatazama miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyesema neno, na kabla ya jua kuzama Dzaleka yote ilikuwa imelisema.

Lisemwalo lipo, walinong'ona kwenye foleni ya maji. Mtu akaapa amemwona mzee akila nyama. Mwingine akaapa amemwona akicheka peke yake. Mwenye ulimi mrefu kuliko wote akaongeza kwamba anajenga ghorofa Bujumbura. Ghorofa! Mtu ambaye paa la nyumba yake lilikuwa linazuia nyota tu, mvua lilikuwa linaipitisha.

Na chini ya paa hilo Fidès alikuwa amelala, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa kukopa. Mwanamke yule hakuna kaburi la Dzaleka ambalo hakulitupia udongo. Kwenye matanga yeye ndiye aliyefika wa kwanza na sufuria kichwani, na wa mwisho kuondoka na masizi mikononi. Sasa hata jirani wa kumshikia kikombe hakuonekana.

"Mzee," alimwita, "mimi nitatupiwa udongo na nani?"

"Watakuja."

"Wewe unasema watakuja?"

"Watakuja, Fidès."

Aliposema hivyo alikuwa anaangalia mlango, na mlangoni palikuwa na bata tu.

Wiki hiyohiyo Mama Rosette alikuja hadi kwenye uzio. Hakuingia. "Muzee, kuko mutu Lilongwe, Area 36, anaitwa Dany. Anaamusha feza yenye imelala. Twende sisi batatu. Kama uko na roho safi, utaenda."

Fidès akamwambia aende. Wakaomba ruhusa ya kutoka kambini, wakaenda.

Kibanda cha Dany kilikuwa katikati ya soko la Area 36, kati ya muuza nyanya na kinyozi. Dany alikuwa na tai, simu mbili, na tabasamu lililofika kabla yake.

"Zikomo, asante kufika, bakubwa! Mama, we ni wa Bukavu? Mi ni mutoto wa Kadutu! Tunajuana nyumba kwa nyumba." Mama Rosette alilainika kama sabuni kwenye maji ya moto. Maana wakimbizi hupima mtu hivyo: unatoka wapi, ulisali parokia gani, unamjua fulani? Vitambulisho vyote viliungua, ikabaki mitaa.

"Feza yenu iko, lakini imefungwa," Dany alisema. "Munipe maneno yote kumi na mbili, mi naifungua mbele yenu. Na nasikia muzee iko na mugonjwa. Mama akienda, Mungu apishe mbali, sanduku ya kuzikia natoa mi mwenyewe. Mutanirudishia."

Mama Rosette akamnong'oneza yake. Bukeyeneza akafuata. Dany akaandika, kisha akamgeukia Cishahayo, kalamu juu, macho yamemtulia usoni bila kupepesa.

Mzee akasubiri. Akasubiri tena.

"Mbona hugeuki?" aliuliza.

"Nigeuke wapi?"

"Ukutani. Mtu akitoa maneno yake, wenzake wanageuka."

Dany alicheka. "Muzee, mi ni fundi. Fundi atafunga macho je?"

"Basi sitoi."

"Njo umejionyesha!" Mama Rosette alipiga kofi mapajani. "Mwizi ataogopa pesa isiamuke, kwa sababu ikiamuka itamutaja! Mukeyo iko anakufa, sanduku njo hii, umepewa, unakataa?"

Mzee Cishahayo alikuwa na maneno yote manne mdomoni. Aliwaona bata wake wamejipanga, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Kuyatema kulikuwa kazi ya pumzi moja, na Fidès angezikwa kwa jeneza na kwa watu. Lakini pesa ile ilikuwa ya makaburi ya watu wengine pia, na mtu huyu alikuwa hageuki.

"Sitoi," alirudia.

Njia nzima ya kurudi hawakumsemesha. Kwenye geti la kambi Mama Rosette alisema bila kumtazama, "Ukifiwa, usituite."

Fidès alifariki Jumapili, watu wakiwa ibadani. Mvua ilinyesha kana kwamba mbinguni wamepindua pipa. Mzee alivunja kitanda akapata mbao. Wachimba kaburi akawalipa bata: mmoja, wa pili, wa tatu, na kila alipomkabidhi mtu bata alilitaja jina lake chinichini, kama anayerudisha kitu cha watu. Waliomsindikiza Fidès ni mchungaji Épitace, wachimba kaburi, na mama mmoja wa Kimalawi aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni, akautua, akatupa udongo, akaendelea na safari yake. Mzee alibaki pale akitupa udongo konzi kwa konzi, akiwatupia wote ambao hawakuja, hadi mchungaji akamshika mkono.

Siku chache baadaye Jeannette, dada yake Guy, alifika kutoka Likuni, jirani na Lilongwe, alikokuwa akiishi kwa kibali cha kukaa nje ya kambi na kutunza hesabu za kanisa. Habari ya msiba ilimfikia imechelewa. Alimkuta mzee ameketi nje kwenye tofali, na bata mmoja mdogo miguuni. Akasikiliza habari yote, na ilipofika penye sifuri akashtuka.

"Muite Mama Rosette. Aje na simu."

Mama Rosette akaja na Bukeyeneza. Wakasimama kwenye uzio, simu ikapitishwa juu ya miti ya uzio.

"Kama unataka maneno," mzee alisema, "manne ninayo."

"Ya nini, baba? Kutazama hakuhitaji ufunguo. Atakayekuomba maneno hayo, mkimbie." Jeannette aliichukua anwani ya pochi, ile ambayo hata Guy anayo, akaitafuta kwenye kumbukumbu ya wazi ya mtandao, ambayo yeyote anaruhusiwa kusoma. Akasoma hadi mwisho.

"Iko hapa," alisema. "Yote."

"Iko wapi?" Bukeyeneza aliruka uzio. "Mbona pochi inasema sifuri?"

"Pochi mpya ni kama mlinzi mgeni mlangoni. Inaonyesha sarafu inazozijua tu. Hii ya dola lazima uitambulishe, kwa anwani ya mkataba wake, ile namba ndefu ya utambulisho. Mliweka?"

"Noël, ule mwanachama mwenzetu, alituma anwani kwenye grupu ya chama," Mama Rosette alisema kwa sauti ndogo. "Jina njo lilelile, picha njo ileile. Weka hiyo."

"Noël aliitoa wapi?"

"Kwa mutu."

"Ma Rosette, kwenye mgao wa chakula, akina Nizigiyimana wako wangapi?"

"We! Banajaza kanisa."

"Wanatofautishwaje?"

"Kwa namba ya kadi."

"Basi. Jina na picha mtu yeyote anajipa."

Jeannette akaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, jina la tovuti ya wenye kutoa sarafu ile, bila kugusa kiungo cha mtu. Akauchagua mtandao uleule Guy alioutumia. Akanakili anwani ya mkataba, akailinganisha na ile iliyokuwa kwenye dola alizotuma Guy, kichwa, kiwiliwili na mkia. Zilikuwa moja. Ya Noël kichwa kilifanana, mkia ulikuwa wa mnyama mwingine. Ndipo akaibandika ya kweli kwenye pochi, akathibitisha.

Dola za Tuzikane zikatokea kwenye kioo.

"Kesho tunazihamisha kwenye pochi nyingine yenye maneno mapya," Jeannette alisema. "Manane ya hii yako kwa Dany. Mngempa na haya manne, leo msingekuta hata harufu."

Hakuna aliyeshangilia. Mzee alikuwa anaitazama simu kwa mbali, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

"Ilirudi lini?" aliuliza.

"Haikurudi, baba. Haikutoka hata siku moja."

"Hata Jumapili ilikuwepo?"

Jeannette akaizima simu.

Habari iliruka kambini. Jioni wanachama wa Tuzikane walijaa uani, wengine na sufuria kichwani, kama Fidès alivyozoea kuja kwa wengine. Mama Rosette akavuka uzio ule alioshindwa kuuvuka wiki zote, akapiga magoti kwenye tope.

"Muzee Cishahayo," alianza.

Mzee aliinuka kwenye tofali lake taratibu. Watu wakadhani anaingia ndani kufunga mlango. Hakuingia. Alisogea hadi kwenye ukuta wa nyumba, akageuza uso, paji la uso likakaribia udongo, mikono nyuma.

"Semeni," aliwaambia. "Mi sitazami."

Nyuma yake wakatua sufuria zao chini, moja moja. Kisha mtu mmoja akaanza kulia, na bata mdogo akapita katikati yao akitafuta wenzake.