Aliyetega Ndiye Aliyekuja Kutegua

Mwaka wa pili baada ya amani kutiwa saini, mtu mmoja alishuka kwenye lori la unga hapa kijijini Sangob akauliza nyumba ya Saidbek, jirani yangu. Tulimjua kwa lafudhi. Ni mtu wa Kulob. Wenzake walikuwa wamekaa juu ya mlima wetu miezi mitano wakati wa vita, wakitupiga mizinga.

"Naitwa Shodmon," alisema mlangoni. "Mabomu ya kule malishoni niliyafukia mimi. Nimesikia habari za binti yako, kaka. Nimekuja kuyatoa."

Saidbek alishika mwimo wa mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amepigana upande wetu, na watu wa Kulob alikwisha kuwaona kwa karibu. Lakini Gulrukhsor, mwanawe wa pekee, alikuwa amepanda kule kuchuma mboga za mlimani majira yaliyopita. Tulimrudisha ndani ya blanketi.

Oyniso, mke wa Saidbek, akatoka jikoni. "Yako mangapi?"

"Arobaini, mama."

"Sema thelathini na tisa. Moja mwanangu amekutegulia."

Kwetu mgeni hanyimwi mkate. Shodmon alinyimwa. Alilala msikitini, na asubuhi akapanda mlima na fimbo ya chuma. Saidbek akamfuata.

"Unakuja kunisaidia?"

"Nakuja kukuangalia ukikosea."

Shodmon alitangulia, akichoma udongo taratibu, na Saidbek akakanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Siku tatu hawakusemezana. Ya nne, Saidbek akashindwa kujizuia.

"Nyie watu wa Kulob mnatembea kama bata."

"Na wewe je, unayemfuata bata?"

Saidbek alicheka. Aliniambia baadaye kwamba kicheko kile kilimuuma kuliko tusi. Siku hiyohiyo akamuuliza, "Ulipokuwa unayafukia, ulikuwa unawaza nini?"

"Chakula," Shodmon alijibu. "Tulikuwa hatujala kwa siku mbili. Sikumuwaza mtu, kaka. Nikisema nilimuwaza, nitakuwa nakudanganya."

Siku ya saba yalikuwa yametoka thelathini na matatu. Lakini maji ya theluji hayaheshimu kumbukumbu ya mtu. Yalikuwa yamelisukuma bomu moja hadi mahali ambapo Shodmon hakulitega. Sisi huku chini tulisikia mlipuko.

Saidbek alimbeba Shodmon mgongoni, akishuka kwa kufuata nyayo zilezile walizopandia.

"Niache, utakosea hatua."

"Nyamaza, unanichanganya."

"Matano yaliyobaki yako nyuma ya jiwe lililopasuka. Waambie watu wasipite." Akahema. "Kaka, umenisamehe?"

Saidbek hakujibu. Aliniambia alitaka kujibu, lakini hakujua kama jibu lingekuwa la kweli. Alipofika kwenye mto aligundua kwamba anabeba maiti.

Wazee walitaka tumzike hapa. Saidbek akakataa. Alimpeleka Kulob kwa lori, safari ya siku mbili, katika mji ambako miaka mitatu nyuma wangemchinja barabarani. Mama yake Shodmon alifunua sanda, akaangalia, kisha akauliza, "Nani amemuua mwanangu?" Uani wanaume wote walisubiri. Saidbek akasema tu kwamba yeye ni wa Sangob; bomu lilitegwa na nani, hakusema.

Alikaa siku tatu za matanga karibu na lango. Hakuna aliyemgusa, wala aliyeketi kando yake.

Aliporudi, Oyniso alimmiminia maji ya kunawa. Nilikuwepo.

"Mama yake yukoje?" aliuliza.

"Kama wewe."

Oyniso akaweka birika chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulimsikia akilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku tulipomleta binti yake. Saidbek alibaki uani, maji yakichuruzika mikononi, asijue aingie au aende zake.