Sakafu ya Kutembewa

Mtaa wetu hupanda. Watu wa mitaa mingine hucheka wakiambiwa hivyo, lakini na waje wapime. Kila mvua kubwa ikija, ile ya mara moja kwa kizazi, mto hutuachia tope. Tope likikauka, watu wa barabara humwaga kifusi juu yake na kukishindilia, na barabara inakuwa imepanda tena kimo cha goti. Nyumba hubaki chini kama bakuli. Basi nasi tunajaza udongo ndani, tunainua fremu za milango, tunainua paa, maisha yanaendelea. Dirisha ambalo babu yangu alikuwa akiliegemea kuongea na wapita njia, mimi nililikuta sawa na kifundo cha mguu. Sasa limezama kabisa. Liko huko chini, limefungwa, linatazama udongo. Asubuhi, kabla sijaamka sawasawa, huwa nawaona watu wa zamani wakipita chini yetu katika barabara yao, vichwa vyao vikigusa nyayo zetu kidogo tu, bila hasira.

Mimi ni mwashi. Siyo mwashi wa kubabaisha. Ukuta nilioujenga mimi ukiuwekea timazi, uzi unaona haya kusogea. Mwaka huu barabara ilipopanda, nilijiambia kwamba nyumba yetu haitajazwa udongo tu kama za wengine. Nitaiwekea sakafu ya saruji, sawa kama maji ya mtungi, sakafu ya kwanza ya namna hiyo mtaani, na atakayeniita fundi wa matope aje aitazame.

Mama haoni. Macho yake yalififia polepole, kama taa inayopunguzwa utambi, na huu ni mwaka wa saba. Lakini ndani ya nyumba yake hakuna aliyewahi kumshika mkono. Alipika, alifagia, aliitikia hodi na kwenda kufungua mlango bila kugusa ukuta. Wageni wengine walikaa saa nzima, wakanywa na chai aliyowamiminia, ndipo wakagundua.

Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka tisa, anakaa ghorofa ya nne ng'ambo ya mto. Siku nyingi alikuwa akimtaka Mama akaishi kwake. Mama hataki. "Kule nakalishwa kitini kama mgeni wa harusi," husema. "Nikiinuka tu, watu watatu wananidaka." Alikubali kwenda siku nane tu, nimalize kazi.

Nilimaliza kwa siku saba. Nilijaza kifusi, nikashindilia mpaka mabega yakawaka moto, nikamwaga zege, nikapiga saruji kwa mwiko nikiwa nimepiga magoti kama mtu anayeomba msamaha. Jirani yetu Randa, seremala aliyeiinua milango ya mtaa mzima, alikuja kufunga fremu. Akaweka pimamaji yangu sakafuni, hapa, pale, kwenye kona. Kipovu kilisimama katikati kila mara.

"Aisee," akasema. "Hata ukidondosha gololi itakaa palepale ikuulize iende wapi."

Usiku ule nililala kama mfalme.

Siku ya nane dada akamleta Mama. Mama alivua viatu kizingitini, kama kawaida yake, akaachia mkono wa dada, akaingia. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akasimama. Vidole vyake vya miguu vilikunjika na kukunjuka, vinatafuta.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza.

"Mama, ni kwako. Sakafu mpya. Umeionaje ilivyo sawa?"

Alipiga hatua kuelekea jikoni, na hakwenda jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kabati, akagonga paji la uso. Dada akapiga kelele. Mimi nilibaki na kitambaa cha kufutia sakafu mkononi kama mtu aliyeibiwa.

Ndipo nikaelewa, tena kwa aibu, maana mtu wa kazi yangu alipaswa kuelewa kabla ya wote. Sakafu ile ya zamani ilikuwa na bonde dogo mbele ya jiko, mteremko mwembamba kuelekea mlangoni, na kigongo karibu na kitanda. Mimi nilikuwa nikiviona kama kasoro. Kwake vilikuwa ndiyo njia.

Dada alimfuta damu, kisha akanivuta nje barabarani.

"Jumapili nakuja na begi la nguo zake," akasema. "Hawezi kukaa humu akijigonga kama nzi kwenye kioo."

"Humtoi Mama hapa!"

"Mdogo wangu, usinifokee. Siongelei ushindani wako na wangu. Akitembea mwenyewe Jumapili, nitarudi zangu. Asipotembea, naondoka naye."

Ilikuwa Jumanne.

Jumatano nilifunga kamba ukutani kuzunguka nyumba nzima ili aishike. Mama aliipapasa, akafuata kamba hatua mbili, akaiachia. "Sasa nimekuwa mbuzi? Umesahau tu kuniletea majani." Nikaifungua.

Alhamisi nilichukua patasi na nyundo nikachonga bonde mbele ya jiko, kwa kukumbuka. Nilichonga kwa hasira, vumbi likajaa chumba, na mwanga wa dirishani ukasimama ndani yake kama mti mweupe. Mama akaja, akaweka wayo pale.

"Umedanganya," akasema kwa upole.

"Nimepima, Mama."

"Umepima na nini? Lile bonde la jikoni lilikuwa mimi, mwanangu, nimesimama pale miaka thelathini nikingoja maji yachemke. Mteremko wa mlangoni alikuwa marehemu baba yako akitoka kazini, kisigino chake kizito. Hatukuitengeneza ile sakafu. Tuliitembea."

Akakaa kitandani, mikono mapajani. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nyayo zake zilikuwa nyembamba na nyeusi, ngozi imelainika mahali fulani na kukakamaa pengine. Nikaona kuwa chini yetu, kimo cha goti tu, baba yangu bado anaingia kutoka kazini, anavua viatu, na mimi ndiye niliyemfunika kwa zege na kusifiwa.

"Na ukipewa udongo mbichi?" nikauliza. "Ukautembea wewe mwenyewe?"

"Miguu yangu siyo ya bibi harusi tena," akasema. "Lakini lete tuone."

Ijumaa kulipokucha nilianza kuivunja. Kila pigo la nyundo liliingia kifuani. Sakafu nzuri haivunjiki kirahisi, na ile ilikuwa nzuri. Mtaa ukasimama mlangoni kutazama.

"Fundi," Randa akaita, "mmekosana nini na sakafu?"

"Imemtukana mama yangu!"

"Basi ipige! Ila ingekuwa yangu mimi, ningelia." Akaingia bila kuombwa, akashika toroli, akasomba vipande mpaka adhuhuri.

Tulileta udongo wa mto wenyewe, lile tope la mwaka jana, nikauchanganya na mchanga, nikautandaza bila pimamaji. Niliumwagia maji kwa kopo lenye matundu mpaka ukawa kama mkate usioiva. Jumamosi asubuhi Mama akavua viatu.

Alianza kitandani. Alitembea mpaka jikoni akipapasa ukuta, akarudi, akaenda tena. Alipofika jikoni alisimama kama anayengoja sufuria, akihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, akiimba kwa pua. Kisha mlangoni, akirudia, akikanyaga kwa kisigino kizito kwa makusudi. Alichoka, akalala mchana kidogo, akaamka, akaendelea. Nami nilikuwa nikilowesha nyuma yake. Jumamosi yote ilipita hivyo, chumba kinanuka mvua ambayo haijanyesha, na yeye akienda na kurudi ndani ya mwanga kama sindano inayoshona. Ilipofika alasiri mkono wake ulikuwa umeuacha ukuta. Sikumwambia.

Jumapili mvua ikafika pamoja na dada. Maji yalijaa barabarani, yakaja mpaka kizingitini, yakakikosa kwa upana wa vidole viwili. Dada alisimama mlangoni na begi tupu, anachuruzika.

"Nani?" Mama akaita kutoka kitandani.

"Mimi, mama."

"Usiingie na hayo maviatu, udongo haujakauka. Ngoja nikuwekee chai."

Akainuka. Alikwenda, akakosea kidogo karibu na kabati, akasimama. Dada alinyoosha mkono, na mimi nikaushusha. Mama akarudisha mguu nyuma, akausikiliza, akageuka kushoto. Wayo ukaingia katika bonde la jikoni. Akawasha jiko.

Dada alivua viatu polepole. Aliingia akifuata njia ileile, mpaka jikoni, akasimama nyuma ya Mama, akaweka kidevu begani mwake. Tulikunywa chai, mvua ikapungua, dada akachukua begi lake jepesi akaondoka.

Nyayo zake zilibaki sakafuni, kubwa kuliko za Mama, zimepinda kidogo kwa ndani. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikaziacha zikauke.